Mti Huu ni Mti Gani?

Tuseme wajumbe wawili wa kamati ya misitu ya kijiji wameingia porini kuhesabu mininga. Mmoja anasema, "Nimepata 30." Mwenzake anabisha: "Hapana, mzee wangu. Mingine si mininga." Yupi amesema kweli?

Jambo hili si dogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kupanga matumizi yake. Kama kijiji kitaandika mininga 30, kumbe ipo 12, kitakata mingi mno. Mninga hukua polepole. Anayeuotesha leo huenda asiuone ukipasuliwa mbao.

Ngara na Biharamulo kuna mapori ya miombo. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara, na miti mingi ikakatwa kwa kuni na kujengea. Basi iliyobaki tuijue vizuri.

Majina hutuchanganya. Mhangaza ana jina lake, Mshubi lake, Msukuma lake. Tena jina moja huweza kutumika kwa miti miwili. Kwa hiyo tazama mti wenyewe.

Gome la mninga ni gumu, lina nyufa. Ukilikata kidogo, hutoka utomvu mwekundu kama damu. Lakini usiandike bado! Mkurungu, ndugu yake, nao hutoa utomvu mwekundu. Tafuta tunda. Tunda la mninga ni la mviringo. Katikati lina nywele ngumu zinazochoma mkono. Pembeni lina ubawa mwembamba kama karatasi. Wakati wa kiangazi majani hupukutika, lakini matunda hubaki mtini. Hata chini utayaokota.

Bado mnabishana? Kateni tawi dogo lenye majani, na maua au matunda. Lilazeni katikati ya magazeti, wekeni jiwe juu, na badilisheni magazeti kila siku mpaka likauke. Andikeni tarehe, mahali, na jina la mti kwa lugha ya kwenu. Usiache jina hilo, mtaalamu hulihitaji. Kisha mpelekeeni bwana misitu. Naye akishindwa, Arusha kuna hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ambako tawi lenu huweza kulinganishwa na mengine.

Maswali
1. Kwa nini utomvu mwekundu hautoshi kuutambua mninga?
2. Andika majina ya miti mitatu ya kijiji chako. Majirani zako huiitaje?