Kujifunza Unahodha wa Yoti: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayekusudia kujifunza kuongoza yoti ya matanga, iwe kwa burudani yake na jamaa zake, iwe kwa kukodi chombo akiwa ugenini. Mafunzo haya huuzwa kama huduma nyingine yoyote: yana bei, yana matangazo, na yana ahadi. Lakini kasoro ya huduma hii haionekani siku ya kulipa. Huonekana baharini, upepo ulipozidi na abiria wote wakimtazama mtu mmoja. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza mafunzo haya yana nini ndani yake, vyeti vyake vinampa mtu haki gani, na ni maswali gani yaulizwe kabla fedha haijatoka mkononi.

1. Nadharia na vitendo

Mafunzo ya unahodha yana sehemu mbili, na kila moja huuzwa peke yake. Ya kwanza ni nadharia, inayofundishwa darasani au kwa njia ya intaneti. Ya pili ni vitendo, inayofundishwa ndani ya chombo. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mlaji asidhani kwamba akiwa na cheti cha darasani amekwisha kuwa nahodha.

Tutoe mfano wa mpango unaojulikana sana, ule wa chama cha Uingereza kiitwacho Royal Yachting Association, au kwa kifupi RYA. Kozi yake ya nadharia ya daraja la Day Skipper hukadiriwa kuchukua saa 40. Mwanafunzi hufundishwa kusoma ramani ya bahari, kutumia dira na kusahihisha tofauti zake, kukokotoa maji kujaa na kupwa, kufahamu utabiri wa hali ya hewa, kutambua maboya na taa, kujua kanuni za kuepuka kugongana, na kupanga safari kabla ya kung'oa nanga.

Kozi ya vitendo ya daraja hilo huchukua siku 5, na mwanafunzi awe na umri usiopungua miaka 16. Tena hutarajiwa kuwa amekwisha kukaa chomboni siku 5, amesafiri maili 100 za baharini, na amesafiri saa 4 za usiku. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Asiye na uzoefu huo huanzia kozi ya ubaharia iitwayo Competent Crew, ambayo nayo ni ya siku 5. Basi mwenye chuo akikuambia kwamba siku 5 zatosha kumtoa mtu nchi kavu hadi unahodha, umwombe akueleze zile siku 5 za mwanzo zimekwenda wapi.

2. Nadharia inavyookoa chombo: hesabu ya maji

Wako wanaosema nadharia ni ya vitabuni tu. Tuwape hesabu moja.

Yoti nyingi zina mkuku mrefu chini, tofauti na dau au ngalawa inayoweza kukaa mchangani maji yakipwa. Chukua yoti inayozama mita 1.9. Nahodha anataka kuvuka fungu ambalo ramani yaonyesha kina cha mita 0.9 tu. Jedwali la maji laonyesha kwamba siku hiyo maji yatapwa saa 3 asubuhi yakiwa na kimo cha mita 0.6, na yatajaa baada ya saa 6 hivi yakiwa na kimo cha mita 3.0. Je, avuke saa ngapi ili abaki na akiba ya mita 0.5 chini ya mkuku?

Kwanza ajumlishe kiasi cha chombo kuzama na akiba: 1.9 na 0.5 ni mita 2.4. Atoe kina cha ramani, 0.9, hubaki mita 1.5. Hicho ndicho kimo cha maji anachokihitaji. Kisha atumie kanuni ya mafungu kumi na mawili. Tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 2.4, na fungu moja ni mita 0.2. Katika saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, saa ya pili 2, saa ya tatu 3, saa ya nne 3, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Kwa hiyo saa 4 kimo ni mita 0.8, saa 5 ni mita 1.2, na saa 6 ni mita 1.8. Kimo cha mita 1.5 kitafikiwa katikati ya saa ya tatu, yaani saa 5 na nusu asubuhi. Akivuka saa 4, atakwama.

Tuongeze maonyo mawili. Kanuni hii ni ya makadirio, haifai pale maji yanapopanda kwa mwendo usio wa kawaida. Na majedwali huandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane: saa 3 yetu ya asubuhi huandikwa 0900. Anayechanganya hesabu hizo mbili hukosea kwa saa 6, nao ndio muda wote kati ya kupwa na kujaa.

3. Yale ambayo darasa haliwezi kuyafundisha

Mkono hujifunza kwa kushika. Katika siku za vitendo mwanafunzi hana budi kushika usukani yeye mwenyewe, kutoa amri, na kubeba dhamana ya amri zake huku mkufunzi akimwangalia. Afundishwe kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kugeuza upande mmoja baada ya mwingine. Afundishwe kugeuza upepo ukiwa nyuma, jambo la hatari kwa kuwa boriti ya tanga huweza kuruka ghafla na kumpiga mtu kichwani. Afundishwe kupunguza tanga mapema, kutia nanga, kufunga gatini wakati wa upepo, na kuingia bandarini usiku kwa kufuata taa.

Zoezi kubwa kuliko yote ni la mtu kuanguka majini. Mmoja amwelekezee kidole aliyeanguka asimpoteze machoni, mwingine amrushie boya, na nahodha asimamishe chombo, arudi, na amfikie polepole. Zoezi hilo lirudiwe mpaka kila mwanafunzi aliweze. Chuo kinachofanya zoezi hili mara moja tu, tena mkufunzi akiwa ndiye mwenye usukani, hakijalifundisha.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuepuka kugongana nazo zitumike baharini, zisiishie kukaririwa. Vyombo viwili vya matanga vikikaribiana, kinachopokea upepo kwa upande wa kushoto humpisha kinachoupokea kwa kulia. Vikiwa upande mmoja, kilichoko joshi humpisha kilichoko demani. Lakini katika mlango mwembamba chombo cha matanga kisizuie meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya njia hiyo. Anayejifunza karibu na bandari ya Dar es Salaam au Kilindini atakutana na jambo hili kila siku.

4. Cheti na mipaka yake

Hapa ndipo walaji wengi huweza kupotezewa fedha. Tunaomba msomaji azingatie mambo manne.

Kwanza, cheti cha vitendo cha RYA huonyesha kama mafunzo yalifanyika penye maji kujaa na kupwa au pasipo na hali hiyo. Katika bahari ya Mediterania tofauti ya maji ni ndogo mno, na kozi za huko kwa kawaida ni za aina ya pili. Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti yaweza kufika takriban mita 4. Atakayeendesha chombo katika mwambao wetu achague kozi ya aina ya kwanza.

Pili, mpangilio wa maboya si mmoja duniani. Afrika ya Mashariki na Ulaya, unapoingia bandarini, boya jekundu huwa kushoto kwako. Marekani huwa kulia. Aliyejifunza huko ajifunze upya jambo hili kabla ya kushika usukani hapa.

Tatu, nchi hutofautiana. Uingereza haimlazimishi mwenye yoti ndogo ya burudani kuwa na cheti. Ugiriki na Kroatia humtaka anayekodi yoti bila nahodha aonyeshe cheti kinachokubalika, na Kroatia hutaka pia cheti cha redio ya VHF. Ipo hati ya kimataifa ya umahiri iitwayo ICC, inayotolewa kwa mujibu wa Azimio Namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Kabla ya kulipia kozi kwa ajili ya hati hiyo, mwulize mtoaji wake, kwa maandishi, kama mtu wa uraia wako na makazi yako anastahili kupewa. Cheti cha nadharia peke yake hakitoshi.

Nne, cheti cha burudani si leseni ya kazi. Anayetaka kuchukua watalii kwa malipo hufuata masharti mengine ya umahiri, afya na usalama wa chombo. Kwa Tanzania Bara aulize TASAC. Kwa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kwa Kenya, Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

Jihadhari pia na ahadi za haraka. Mtihani wa Yachtmaster Coastal humtaka mtahiniwa awe amekaa baharini siku 30 na amesafiri maili 800. Ule wa Yachtmaster Offshore hutaka siku 50 na maili 2,500. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, maili 2,500 ni saa 500 za safari. Anayemwahidi mwanagenzi daraja hilo kwa majuma mawili anauza kisichowezekana.

5. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Chuo kimetambuliwa na nani? Hakikisha kwenye orodha ya chama chenyewe. Usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo.
- Mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi chomboni? Wakizidi 5, zamu yako ya usukani itakuwa fupi.
- Ada inajumuisha nini? Uliza juu ya chakula, mafuta, malipo ya bandari, vitabu, cheti na mtihani. Mtihani wa Yachtmaster hulipiwa mbali na kozi.
- Hali ya hewa ikizuia safari, siku zitafidiwa au fedha itarudishwa?
- Chombo kina bima? Ukikiharibu, utadaiwa hadi kiasi gani?
- Kuna jaketi okozi linalomtosha kila mtu, kamba za kujifunga, fashifashi za dharura, na redio ya VHF inayosikiliza chaneli ya 16?

Majibu yote yaandikwe. Dai risiti, na utunze nakala ya tangazo lililokuvutia. Omba pia kukiona chombo kabla ya kutoa malipo ya awali. Anayekataa chombo chake kionekane amekwisha kukujibu.

6. Ukipewa kisicholingana na ahadi

Andika malalamiko yako mapema kwa chuo chenyewe, ukitaja tarehe, kilichoahidiwa na kilichotolewa. Daftari lako la safari, lenye saa, maili na majina ya bandari, ndilo shahidi wako. Lijaze kila siku na umwombe mkufunzi alitie saini. Usipopata jibu, peleka nakala kwa chama kilichokitambua chuo, kisha kwa mamlaka ya kumlinda mlaji. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara.

Tena tunakumbusha: kama hitilafu ni ya usalama, usingoje kozi iishe. Mwanafunzi ana haki ya kukataa kutweka tanga katika chombo kisicho na jaketi okozi la kumtosha, hata kama ada yote imekwisha kulipwa.

Zoezi la msomaji

Yoti inazama mita 1.6. Fungu lina kina cha mita 1.0. Maji yatapwa saa 2 asubuhi yakiwa na kimo cha mita 0.4, na yatajaa baada ya saa 6 yakiwa na kimo cha mita 2.8. Nahodha anataka akiba ya mita 0.6. Je, ataanza kuvuka saa ngapi? Jibu: anahitaji kimo cha mita 1.2, kwa hiyo asivuke kabla ya takriban saa 4 dakika 20 asubuhi.