Mjumbe wa Kamati ya Maadili Anamsemea Nani?

Wanachuo wengi tunaijua kamati ya maadili ya utafiti kwa jina moja tu: kikwazo. Msimamizi amepitisha andiko, hela ya fildi imeingia, safari ya Kyela imepangwa, halafu kamati inarudisha makaratasi yakiwa na maswali kumi. Manung'uniko hayo yana haki yake, maana kamati inayochelewesha bila sababu nayo inaumiza watu. Lakini hebu tuangalie mjumbe wa kamati anatakiwa kufanya nini hasa. Maswali yake mengi ni yale ambayo mtu wa kijijini angeuliza mwenyewe, kama angekuwa amekaa mle chumbani.

Tuanze na mfano wa kweli. Kati ya 2006 na 2011, kituo cha Mbeya cha utafiti wa tiba, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na watafiti kutoka Ujerumani, kilifuatilia afya za wakazi wa maeneo tisa ya kusini magharibi mwa Tanzania. Eneo mojawapo lilikuwa Kyela, ambako matende na mabusha yalikuwa mengi. Matokeo ya Kyela yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Walifuatiliwa watu 1,055 ambao mwanzoni hawakuwa na VVU. Waliokuwa na minyoo ya matende walipata maambukizi ya VVU kwa kasi ya takribani mara mbili ya wenzao wasio na minyoo hiyo.

Huo ni ujuzi mkubwa, na umetoka kwa watu wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa. Utafiti wa aina hii unamwomba mtu damu yake na majibu kuhusu mambo ya chumbani, halafu jina la wilaya yake linabaki kwenye maandishi ya dunia. Mambo kama hayo hayaombwi kienyeji. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuuliza kabla.

Sasa, tutunge andiko la mfano. Mwanafunzi anataka kwenda Lyulilo, jirani na Matema, kuwahoji kina mama wanaouza vyungu vya Wakisi kwenye soko la Jumamosi, na wavuvi wa pale ufukweni, kuhusu matende na VVU. Mjumbe anayejua kazi yake atafanya haya.

Kwanza, atalisoma andiko lote. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mjumbe anayekuja kikaoni kusikiliza muhtasari wa mwenzake ameshaacha kazi yake. Atapima na mbinu za utafiti pia. Dodoso lililotungwa ovyo halitaleta jibu lolote, na kumpotezea mtu muda wake na siri zake bila faida ni kosa la kimaadili.

Pili, ridhaa. Barua ya wilaya na baraka za mwenyekiti wa kijiji zinafungua mlango tu. Aliye ndani bado ana haki ya kukataa, na kuacha katikati ya mahojiano bila kuulizwa kwa nini. Mjumbe atauliza: fomu itaeleweka? Bibi aliyekulia Ikombe anaongea Kikisi, jirani yake Kinyakyusa. Kiswahili cha fomu zetu, chenye "kushiriki kwa hiari pasipo shuruti", kinaweza kumpita hata anayezungumza Kiswahili kila siku sokoni. Kama hasomi, nani atamsomea, na nani atakuwa shahidi wake?

Tatu, siri. Hapa ndipo wanafunzi wengi tunapojidanganya. Tunafuta jina, tunaandika "mshiriki namba 14: mjane, miaka 52, watoto saba, muuza vyungu, Lyulilo", tukidhani tumeficha. Jamani, kwenye kijiji kama hicho nani hatamjua? Mjumbe atadai umri uandikwe kwa makundi, idadi ya watoto iondolewe, na pengine hata jina la soko lisitajwe. Atauliza mahojiano yatafanyika wapi, maana kumhoji mtu kuhusu VVU mbele ya meza yake ya biashara ni sawa na kumtangaza. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hili si suala la huruma tu.

Nne, malipo. Mvuvi anayekaa na wewe asubuhi anaacha samaki wake bila kuuzwa. Kumfidia muda ni haki. Lakini fedha ikiwa nono mno, mwenye shida atakubali lolote, na ridhaa yake haitakuwa na maana tena.

Tano, damu na taarifa zitakazobaki. Kule Arizona, Marekani, watu wa kabila la Havasupai walitoa damu wakiamini inatafitiwa kisukari. Baadaye wakagundua imetumika pia kwenye tafiti za ugonjwa wa akili na za asili ya kabila lao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kikakubali kuwalipa na kuwarudishia sampuli. Mjumbe wetu atauliza mapema: vitu hivi vitahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na nani atavitumia kesho?

Kuna na wajibu unaomhusu mjumbe mwenyewe. Akiwa ndiye msimamizi wa mwanafunzi huyo, au ana maslahi kwenye mradi, atasema wazi na kutoka nje wakati wa kuamua. Yaliyozungumzwa kikaoni hayapeleki kantini. Na kwenye kamati lazima awepo mtu asiye mtafiti, mwenye uhuru wa kusema "mimi hii fomu sijaielewa". Mwenyekiti anayemnyamazisha mtu huyo kwa maneno makubwa amemfungia nje mtu wa Lyulilo.

Mwisho, kibali si mwisho wa kazi. Kamati inatakiwa kupokea taarifa za maendeleo, kuuliza kuhusu madhara, na kusimamisha utafiti ikibidi. Mwaka 2023 uchanjaji katika jaribio la chanjo za VVU liitwalo PrEPVacc, lililohusisha Mbeya na Dar es Salaam pamoja na Uganda na Afrika Kusini, ulisitishwa baada ya kamati huru ya wataalamu inayofuatilia takwimu za jaribio kuona kwamba hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi. Kusitisha vile hakukuwa aibu. Ndivyo ulinzi wa washiriki unavyofanya kazi.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, kabla hujapeleka andiko lako, jiulize maswali haya mwenyewe. Andika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili cha nyumbani, umsomee mtu asiye wa kozi yako, kisha mwambie akueleze alichoelewa. Panga namna matokeo yatakavyorudi kijijini, hata kwa mkutano wa nusu saa. Na siku ukiteuliwa kuwakilisha wanafunzi kwenye kamati kama hiyo, usiende kwa ajili ya posho na chai. Nenda umesoma, na uwe tayari kuuliza swali ambalo wengine wanaona aibu kuliuliza.