HUDUMA YA KWANZA MBALI NA HOSPITALI

Mtu aumiaye mjini Mbeya au Iringa huweza kufikishwa hospitali kwa muda mfupi. Lakini akiumia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo makao yake Msembe yako kilomita zipatazo 130 kutoka Iringa mjini, huenda akangoja saa nyingi. Kwa hiyo porini mwokoaji ndiye mwuguzi na ndiye mchukuzi. Makala haya yanaeleza, kwa mifano miwili, mambo ambayo hayana budi kufundishwa kwa askari wa wanyamapori, wachungaji na waongozaji wa wageni.

1. Kuumwa na nyoka

Katika bonde la Ruaha Mkuu wamo nyoka wenye sumu za namna mbalimbali. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama ya mahali palipoumwa. Sumu ya koboko hulegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi.

Watu wengi hukimbilia kufunga kamba kwa nguvu. Jambo hili ni la hatari. Kamba huzuia damu, na kiungo kilichokwisha kudhurika kwa sumu ya kifutu hunyimwa pia hewa safi iletwayo na damu hiyo; mwisho wake huweza kuwa kukatwa. Kuchanja na kunyonya jeraha huongeza kidonda bila kuitoa sumu, na jiwe jeusi la nyoka halina faida iliyothibitishwa.

Lililo sahihi ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili kabla ya uvimbe, kukifunga kiungo taratibu kwenye kipande cha mti kilichonyooka ili kisitikisike, kisha kumbeba. Asitembee, kwani misuli ikifanya kazi huisukuma sumu mwilini. Akiishiwa pumzi, apuliziwe hewa kinywani bila kukoma. Dawa ya kupambana na sumu hiyo hutengenezwa kwa damu ya wanyama, hasa farasi, nayo huweza kumletea mgonjwa madhara ya ghafla. Ndiyo maana hutolewa na waganga wenye vifaa.

2. Baridi ya milimani

Uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, una kimo cha mita zipatazo 2,600. Mwezi Juni na Julai umande huganda huko. Mtu aliyelowa mvua na kupigwa upepo hupoteza joto upesi. Kwanza hutetemeka, kisha husema maneno yasiyoeleweka na kujikwaa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado amepoa, msomaji asidhani kuwa amepata nafuu: mwili umeishiwa na nguvu za kujitengenezea joto.

Avuliwe nguo mbichi, akingwe upepo, afunikwe blanketi kavu, na alazwe juu ya majani makavu, kwa kuwa ardhi nayo hunyonya joto. Ikiwa anaweza kumeza, apewe chai yenye sukari. Asipewe ulanzi wala pombe yoyote. Pombe hutanua mishipa ya ngozi. Mnywaji huhisi joto, kumbe joto la ndani linatoka nje.

3. Mazoezi

Maarifa hayo hayatoshi yakibaki daftarini. Wanafunzi watengeneze machela kwa miti miwili na blanketi, wambebe mwenzao mteremkoni na kupokezana, hata gizani. Wajizoeze pia kuandika saa ya ajali, dalili zilizoonekana na huduma iliyotolewa, ili karatasi hiyo iandamane na mgonjwa.

Msomaji ataona kwamba katika mifano yote miwili vifaa vilivyohitajika ni vichache: kitambaa, mti, blanketi na watu wa kubeba. Kijiji kilicho kando ya hifadhi kinavyo vyote hivyo. Kinachopungua ni mafunzo, nayo hayana budi kutangulia ajali.