Mlango Uliozibwa kwa Hodi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kompyuta mbili zitakapo kuzungumza katika intaneti, mara nyingi hufuata taratibu iliyoandikwa mwaka 1981. Ya kwanza hubisha, "Hodi." Ya pili hujibu, "Karibu," na kumwekea mgeni nafasi katika orodha yake. Ya kwanza husema, "Ahsante, nimekaribia," ndipo mazungumzo huanza.

Taratibu hii ni njema, ila ina kasoro: humwekea mgeni nafasi kabla ya kumhakikisha. Adui aweza kupeleka maelfu ya hodi zenye anwani za uongo. Kompyuta huitikia zote, ikangoja majibu yasiyokuja. Orodha hujaa, na wageni wa kweli hukosa nafasi. Hakuna kilichoibwa, lakini mlango umezibwa.

Hayo yaliipata Panix, kampuni ya intaneti ya New York, mwezi wa Septemba 1996. Kompyuta zake za barua na za kurasa zilishambuliwa, na wateja wakataabika.

Mwezi ule ule D. J. Bernstein alitoa shauri: kompyuta isiweke nafasi upesi, bali katika jibu lake itie namba iliyokokotolewa kwa siri. Mgeni wa kweli huirudisha ikiwa imeongezwa moja. Kompyuta hukokotoa tena, na hesabu zikipatana, humfungulia. Mwenye anwani ya uongo haioni namba hiyo kamwe.

Kinga hii haizuii kila shambulio, maana wingi wa ujumbe waweza kuziba njia yenyewe. Lakini sisi tutakao ufundi tujifunze: atungaye taratibu asimfikirie mgeni mwema peke yake.