Vespa ya Babu na Swali la Mdogo Wangu



Mpendwa kijana, somo la leo linatoka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ya bibi, hapa Singida. Chukua daftari, na kama una spana karibu, chukua pia.

Waitaliano wanasifika kwa magari ya michezo ya wazi, yale unayokunja paa ukapigwa na upepo. Mwaka 1966 peke yake yalitoka mawili ambayo watu wanayatunza mpaka leo: Alfa Romeo Spider na Fiat 124 Spider. Nairobi kuna maonesho yanayoitwa Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, na pale majaji wanakagua magari na pikipiki kwa makini kweli kweli. Kwetu sijawahi kuona Spider hata moja. Chombo cha Kiitaliano cha wazi tulichoachiwa sisi ni Vespa 150 ya babu.

Babu alikuwa katekista. Alizunguka vigango na hiyo Vespa miaka na miaka, begi la vitabu limefungwa nyuma kwa mpira. Alipofariki ikafunikwa turubai, kuku wakaifanya kiota. Siku wanunuzi wa vyuma chakavu walipoanza kuiulizia bei, nikamwomba bibi anipe miezi mitatu.

Kwanza ujue unashika kitu gani. Vespa ilianza mwaka 1946 mjini Pontedera, Italia, katika kampuni ya Piaggio iliyokuwa ikitengeneza ndege kabla vita haijaharibu kiwanda chake. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki za kawaida hakuzipenda. Jina lenyewe maana yake ni nyigu; itazame kiuno chake utaelewa. Baadaye Bajaj ya India ikapata leseni ya kuziunda, na hiyo ndiyo pona yetu, maana vipuri vingi vya Kihindi vinaingia. Vyangu viliagizwa Dar, vikaja na basi. Lakini usilipe kabla ya kupima kipuri kipya kwa kile cha zamani, kwa sababu vingine vinafanana kwa macho tu.

Sasa nieleze nilivyofanya, halafu nikwambie nilipokosea.

Nilianza na tangi. Petroli iliyokaa miaka inageuka kama gundi, na ndani kulikuwa na kutu. Nililishusha, nikatia nati chache kuukuu na petroli kidogo, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikamwaga, nikarudia. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na mwenye sigara. Kisha kabureta. Vile vitundu vyake vidogo vizibue kwa kupuliza. Usivichokonoe kwa waya, utavipanua na injini itakunywa petroli kuliko inavyotakiwa. Nikabadili plagi, nafasi ya cheche milimita 0.6. Nikasafisha mapezi ya kupozea injini, maana vumbi la Singida lilikuwa limejishindilia humo kama udongo wa kichuguu. Injini hii inapozwa na upepo wa feni tu, na mapezi yakiziba inaungua.

Mafuta yake ni mchanganyiko. Kwa Vespa yetu ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya injini za aina hii kwa kila lita ya petroli. Zile za zamani zaidi zinataka mpaka asilimia 5, kwa hiyo soma kitabu chake au umuulize fundi anayezijua. Na tafadhali, kuna jamaa alinishauri nitie mafuta ya alizeti kwa kuwa kwetu yamejaa. Alizeti ni ya kukaangia. Ndani ya injini inaganda na kunata.

Wiki ya sita ikawaka. Moshi mweupe ukajaa uani, bibi akapiga vigelegele, kuku wakatawanyika.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kwenda kwenye breki, nilikwenda dukani kununua rangi. Nilipiga msasa, nikapaka rangi ya maziwa, nikang'arisha taa kwa majivu. Ukutani kwenye kibanda nilikuwa nimeandika kwa chaki wazo la Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015, kwamba kutumia tena kitu badala ya kukitupa haraka kunaweza kuwa tendo la upendo. Nililipenda sana hilo wazo. Nilipiga nalo picha.

Jumapili moja nikampakia mdogo wangu wa kike kwenda Misa kigangoni. Kwenye mteremko nikakanyaga breki ya nyuma, pedali ikazama bila kushika. Nikavuta ya mbele, waya ukakatika. Tuliishia kwenye shamba la alizeti, mimi mzima, yeye amechanika kidevu. Alishonwa nyuzi nne.

Nyumbani nilisema mbuzi alikatiza njia.

Jioni, bibi alipotoka, mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Siku mbili kabla nilikuwa nimeona oili imetapakaa upande wa ndani wa tairi la nyuma. Nikaifuta kwa kitambaa ili isiharibu rangi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, katika maelezo ya amri ya tano, inawataja wanaohatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi. Mwanzoni nilijipa pole: sikuwa nimekunywa, na mwendo ulikuwa wa kawaida. Lakini nilipokaa kutafiti dhamiri kabla ya Kitubio, kile kitambaa kilinijia mkononi. Na yule mbuzi pia. Nilimwambia bibi ukweli kabla ya kwenda kwa padre, na kwa kweli kwa bibi ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

Basi breki za Vespa ziko hivi. Nyuma, karibu na ekseli, kuna sili inayozuia oili ya gia isivuke. Ikichoka, oili inaingia kwenye ngoma ya breki na kulowesha viatu vyake. Dalili ni mbili: pedali inakosa nguvu, na unaona unyevu mweusi kwenye tairi. Viatu vilivyolowa oili usivipige msasa ukadhani vimepona. Badilisha viatu na sili kwa pamoja, maana ukiacha sili mbovu vipya navyo vitalowa. Ukirudisha nati kubwa ya ekseli, ikaze sawasawa na uweke pini mpya ya kuizuia isilegee. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo, kwa kuwa viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Waya wa breki ukiuona umeanza kuchanua hata uzi mmoja, usiukunje kuuficha. Toa, weka mwingine.

Jambo la pili linaloweza kuua ni rimu. Rimu ya Vespa ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati. Usiguse nati hizo kabla ya kutoa upepo wote kwenye tairi, kwa sababu nusu zile zinaweza kuruka usoni. Nati za kutoa gurudumu ni nyingine. Kama huna uhakika ni zipi, toa upepo kwanza.

Mengine ni madogo. Oili ya gia ni kama mililita 250, usijaze kupita kiasi. Bomba la moshi likiziba masizi injini inakosa nguvu ukadhani imekufa. Usiioshe kwenye ziwa Singidani, maji yale yana chumvi na kutu itakushukuru. Na kazi inayotaka kifaa maalumu, kama kuvua lile gurudumu la sumaku, mpelekee fundi umlipe haki yake.

Mdogo wangu alikaa wiki tano bila kuisogelea. Juzi, baada ya jumuiya, alitoka na kofia ngumu mkononi, akasimama getini. Akaniambia niendeshe peke yangu mpaka mwembeni na kurudi, nifunge breki mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akainama akapapasa tairi la nyuma, upande wa ndani, akavitazama vidole vyake. Ndipo akapanda.