Kufundisha Msamiati wa Ukoo na Mirathi

Mwalimu mgeni afundishapo msamiati wa ukoo na mirathi, aghalabu huandika orodha ubaoni, watoto wakaikariri, na somo likaisha. Watoto hutoka wakiyajua maneno, wasizijue tofauti zake. Nasi twaona kwamba tofauti hizo ndizo kiini cha somo, kwa kuwa mtoto aweza kupoteza nyumba ya baba yake kwa neno moja lililoeleweka vibaya. Yafuatayo ni mapendekezo ya somo la darasa la sita au la saba.

Hatua ya kwanza: Nasaba. Chora ubaoni ukoo wa kubuni; usiwaulize watoto habari za kwao, maana darasani wamo yatima. Shuka kutoka kwa babu hadi mwana, mjukuu, kitukuu na kilembwe. Kisha onyesha jamaa wa kuumeni na wa kuukeni. Usiseme kwamba ukoo hufuata baba popote: kwa mila, mtoto wa Kichaga huhesabiwa katika ukoo wa baba, na wa Kiluguru katika ukoo wa mama.

Hatua ya pili: Maneno mapana. Nyumbani baba mdogo huitwa “baba”, na mtoto wake huitwa “ndugu”. Huo ni uungwana, tusiukosoe. Lakini mahakamani hupaswa kubainishwa: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, au wa mzazi mmoja tu, au mtoto wa ami? Wape watoto sentensi tano wazibainishe.

Hatua ya tatu: Mirathi. Eleza maneno marehemu, mirathi, wosia, mrithi na msimamizi wa mirathi. Kaa zaidi juu ya mawili ya mwisho. Mrithi ana haki ya fungu katika mali. Msimamizi huteuliwa na mahakama akusanye mali, alipe madeni, awagawie warithi, kisha atoe hesabu mahakamani. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili, lakini usimamizi peke yake haumpi mali.

Zoezi. “Baba amefariki. Baba mdogo ameteuliwa kuwa msimamizi. Asema: Mahakama imenipa nyumba hii.” Uliza: Mahakama ilimpa nini? Ngoja watoto wenyewe wajibu: ilimpa kazi, haikumpa nyumba.

Tahadhari. Mwalimu si hakimu. Asigawe mafungu darasani. Nchini Tanzania mirathi huweza kufuata mila, sheria ya Kiislamu au sheria ya Serikali, na mafungu hutofautiana. Katika sheria ya Kiislamu, kwa mfano, binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Lakini jambo moja lafaa kila mtoto alijue: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali iliyoachwa na mzazi wake.

Mtoto atakayeuliza, “Wewe ni mrithi au msimamizi?” amelielewa somo.