Ukienda Kumwona Mzazi, Anzia Jikoni

Nimewahi kumwona mzazi wa siku nne akiinuka kuwachemshia chai wageni waliokuja kumpa hongera. Mtoto alikuwa akipakatwa kwa zamu, kila mmoja akimtafutia pua ya nani na macho ya nani. Alipoanza kulia akarudishwa kwa mama yake, pamoja na swali: "Lakini maziwa yanatoka kweli?"

Mwenye nia ya kusaidia ageuze mpango huo. Mtoto abaki na mama, mgeni ashike beseni la nepi. Na swali lile abaki nalo moyoni.

Siku za kuangalia sana ni ya tatu hadi ya tano. Mwanzoni matiti hutoa maziwa mazito ya njano, kidogo kidogo, nayo humtosha mtoto. Yasikamuliwe yakamwagwa eti ni machafu. Kisha maziwa hujaa kwa kishindo, matiti yakawa magumu, mtoto akashindwa kushika, na mama akalia bila kujua analilia nini. Akina baba mlioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, mradi mzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kama kuna bibi au shangazi wa kukaa naye siku mbili za kwanza, ziwekeni hizo 3 hapo panapokaza.

Chuchu kupasuka mara nyingi ni suala la mtoto alivyoshika. Muegemeze mama vizuri, mto mgongoni na mwingine mapajani. Mtoto ndiye aletwe kwenye titi. Mama asijipinde kulipeleka titi kwa mtoto. Tumbo liguse tumbo, pua ielekee chuchu. Subirini apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo asogezwe, kidevu kikitangulia. Akishika sawasawa mdomo wake hufunika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, siyo ncha peke yake, na utamsikia akimeza. Maumivu yakiendelea, mama apenyeze kidole kisafi pembeni ya mdomo wa mtoto, amwachishe, waanze upya. Titi likiwa gumu mno, akamue kidogo kwa mkono hadi pale mbele palainike. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha hupoza. Ikishindikana, mpeleke kwa mkunga au muuguzi wa kliniki amwone akinyonyesha. Kumweleza tu kwa maneno hakutoshi.

Sasa hofu ya maziwa kutotosha, ambayo ndiyo huleta kopo nyumbani. Mtoto mchanga kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida, na kilio si kipimo cha maziwa. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano, angalau 6 zilizolowa mkojo kwa siku, na choo kiwe kimegeuka njano. Uzito nao usomeni kwenye kadi ya kliniki. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo kila chupa inayochukua nafasi yake hulipunguzia kazi. Lakini mhudumu wa afya akishauri maziwa ya ziada kwa kuwa uzito haupandi, mama asisutwe. Hajashindwa kitu.

Mtori, supu ya samaki, uji: mletee anachokipenda, kingi, na maji ya kunywa kila anaponyonyesha. Mtoto yeye hapewi maji mpaka miezi 6, hata joto la Dar es Salaam likizidi. Kuhusu kumkanda tumbo kwa maji yanayochoma, nitagombana na mama wakwe: tumbo la uzazi hurudi lenyewe, na wapo waliobabuka ngozi. Aliyezaa kwa upasuaji ndiyo kabisa asiguswe.

Machozi na hasira za wiki mbili za kwanza huwapata wengi na hupita. Yakivuka hapo, au mama akawa halali hata mtoto amelala, hamtaki mtoto, anajiona hafai, hiyo yaweza kuwa sonona. Inatibika, wala si deko au kukosa shukrani. Mwulize "Wewe je, unaendeleaje?" kisha unyamaze. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Mengine yasiyosubiri arobaini: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, degedege, kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu, au mtoto kukataa kunyonya, kupumua harakaharaka, kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida. Titi jekundu lenye maumivu na homa pia lipelekwe likaonwe, huku akiendelea kunyonyesha.

Na usiku? Mtoto akiamka saa nane, inuka wewe. Mbadilishe nepi, mpeleke kwa mama yake, weka glasi ya maji pembeni. Akishashiba, mchukue umcheulishe begani, taratibu, ukitembea sebuleni, na mlango wa chumba uurudishie.